Gitaa la umeme dola 120, nichukue au niache?

Mwana Katuba: Yambo yenu wote. Niko Lubumbashi. Nimepata gitaa la umeme, jekundu, kichwani limeandikwa Fender, dola 120 pamoja na kamba ya ampli. Lilipitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kuna mtu mwingine analitaka. Jumapili nililijaribu, sauti nzuri. Mimi napiga akompa tu, yaani kusindikiza, sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezesha watu, bado. Nijibuni leo, tafadhali.

Yaya Solo: Fender kwa dola 120? Mdogo wangu, hata Squier, zile za bei nafuu za Fender wenyewe, mpya ni nadra kuipata kwa bei hiyo. Lakini jina halipigi muziki. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, vile vyuma vilivyokingama shingoni, mkono mwingine ubonyeze ya mwisho, tazama katikati. Sarafu ikipita chini ya uzi, shingo imepinda. Halafu gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, ulie kama kengele, kisha ubonyeze palepale. Sauti mbili zisipolingana, utakaza nyuzi mpaka Yesu arudi.

Papa Likasi: Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wetu mkubwa, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kwa gitaa kavu. Umeme wa nini? Mimi nilianza na gitaa la bidoni, dumu la mafuta, nyuzi nilizichomoa kwenye breki ya baiskeli ya mjomba.

Kiuno cha Sebene: Papa, breki zilirudi?

Papa Likasi: Hazikurudi. Aliteremka vilima kwa visigino mwezi mzima.

Mama Ruashi: Mwana Katuba, haraka ya nini? Feza, hizo pesa, ni yako?

Mwana Katuba: Feza ipo, mama. Shida ni gitaa tu.

Mama Ruashi: Sikuuliza kama ipo.

Mwana Katuba: Ni ya kwaya. Mimi ndiye mweka hazina. Tulichangishana kwa ajili ya gitaa, kwa hiyo siibi. Ila kamati ilisema isizidi 80. Mwenye gitaa ni shemeji yangu, lakini undugu hauhusiki, hata mimi amekataa kunipunguzia. Nimeshampa 50 alishikilie.

Mama Ruashi: Kumbe hukuja kuuliza, umekuja kutafuta mashahidi. Kwaya yetu ilipasuka kwa ajili ya ngoma moja. Nusu walihamia parokia nyingine, ngoma ikabaki kwa mtu asiyejua kuipiga.

Fundi Kampemba: Mimi habari hii siiamini. Jumapili Katuba yote ilikuwa giza, ampli uliiwasha na nini? Na wiki jana nimeona tangazo la gitaa jekundu, dola 120 hizohizo. Huyu ndiye shemeji mwenyewe, anatuuzia.

Kiuno cha Sebene: Eee! Shemeji, punguza basi.

Mwana Katuba: Mimi si shemeji! Tulitumia jenereta ya jirani.

Fundi Kampemba: Jenereta inanguruma, wewe unasikia "sauti nzuri"?

Mwana Katuba: Nilisikia kiasi. Kulikuwa na mkwaruzo nikizungusha kitufe cha sauti.

Yaya Solo: Awe shemeji au asiwe, mkwaruzo ni vumbi. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, zungusha mara nyingi, utaisha. Pitisha pia kiganja pembeni mwa shingo. Majira haya ya ukavu mbao inasinyaa, ncha za freti zinatokeza na kukata kama msumeno. Hizo zinapigwa tupa. Ninachoogopa mimi ni ufa pale kichwa kinapoungana na shingo. Uliangalia?

Mwana Katuba: Kuna kamstari. Anasema ni rangi tu. Gundi yenyewe imeshika vizuri.

Yaya Solo: Tangu lini rangi inapakwa gundi?

Mama Ruashi: Nenda na mtu wa kamati, leo hii, mkadai ile 50.

Fundi Kampemba: Hakuna 50, mama. Hakuna hata kwaya.

Mwana Katuba: Aksanti wote, nimesikia. Swali la mwisho. Nimepima kama Yaya alivyosema, sarafu inapita. Nani ana ule ufunguo mdogo wa pembe sita, wa kukaza chuma cha ndani ya shingo? Naweza kuja jioni.

Fundi Kampemba: Kuja na nini?

Mwana Katuba: Na gitaa.