Kocha wetu wa flagi L'shi anamtaka Mahomes, sisi tuna kijana wa handiboli. Komite mnaangalia nini?

Bandugu wa L'shi, Lubumbashi yetu, na wengine wote, leo sina salamu ndefu. Jana timu ya mji wa Likasi wametufunga pale Katuba, mbele ya watoto wa mtaa na mama zetu, na kila aliyekuwepo aliona kwamba nusu ya kazi Likasi walifanyiwa na kocha wetu.

Kwa wasioijua flagi: ni futiboli ya Kimarekani isiyo na kugongana. Watano kwa watano, kila mchezaji ana mkanda kiunoni wenye vibendera, ukichomolewa kibendera umeishia hapo. Ndiyo itakayochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Unapewa majaribio manne ya kuvuka katikati ya kiwanja, ukivuka unapewa mengine manne ya kufunga. Mrushaji, yule anayetoa pasi, haruhusiwi kuvuka mstari wa kuanzia na mpira kwa miguu yake mwenyewe. Na hakuna kumkinga kwa mwili. Mvamizi wa upande wa pili anasimama yadi 7 kutoka kwenye mstari, mpira ukianza tu anakuja mzimamzima. Mrushaji ana sekunde mbili, tatu kama Mungu amempenda siku hiyo.

Sasa kocha wetu. Huyu baba ana kofia nyekundu ya Kansas City Chiefs, timu ya ligi ya Marekani, NFL, haivui hata jua likiwa limesimama utosini. Ana tableti iliyojaa michoro aliyoitoa kwenye mchezo wa video. Na mpango wake ni mmoja: wadakaji watatu wakimbie moja kwa moja hadi mwisho wa dunia, mrushaji aupeleke mpira mbali kama Patrick Mahomes, mrushaji wa Chiefs. Senta akishaurudisha mpira nyuma, kazi yake imekwisha, anabaki amesimama kama nguzo ya umeme.

Mrushaji wetu ametoka kwenye handiboli. Mkono wake ni mfupi, lakini ni mwepesi ajabu: hauoni akivuta nyuma, unasikia tu mpira umekupiga kwenye viganja. Kwenye yadi 8, yadi 10, anakuwekea pale pale unapotaka, hata kama mtu amekuganda mgongoni. Ukimwambia arushe yadi 35, mpira unaanza kuyumba njiani, unashuka polepole, kila mtu uwanjani ana nafasi ya kuupokea. Wadakaji wetu wawili ni vijana wa Kenya, komine ya hapa L'shi siyo ile nchi, waliokulia kwenye mpira wa miguu wa uchochoroni, mnawajua wale, wanakugeuza ndani ya mita moja unabaki unatafuta viatu vyako. Mbio ndefu hawana. Na senta wetu ni yule mrefu wa basiketi, mikono kama makasia. Kwenye flagi senta anaruhusiwa kudaka pasi kama mtu mwingine yeyote. Tangu kocha huyu afike, sijaona mpango hata mmoja ulioandikwa kwa ajili yake.

Hebu tukae kwenye jaribio moja la jana, maana ndilo lililonitoa usingizi. Jaribio la nne, tunahitaji yadi 5 kuvuka katikati. Tano tu! Vumbi jekundu limepanda, upepo unatupiga usoni, na mpira wenyewe ni ule mmoja wetu wa ngozi ulioletwa kutoka Afrika Kusini, umechakaa hadi unateleza. Kocha ananyanyua mikono miwili juu, maana yake twende mbali. Mrushaji anamtazama, anatikisa kichwa. Kocha anarudia. Mpira unaanza, mvamizi wa Likasi anakuja, na senta wetu amegeuka, yuko peke yake yadi 6 mbele, mkono juu, hakuna mtu karibu naye hata wa kumsalimia. Mrushaji amemwona, mimi nilikuwa pembeni nikaona macho yake yamemwona. Lakini wiki iliyopita alipovunja mpango, kocha alimpigisha pushapu mbele ya wote. Basi akarusha mbali. Mpira ukaanguka katikati ya Likasi wawili, mmoja akaudaka akacheka, akarudi nao hadi kwenye eneo letu.

Baada ya mechi kijana akamwambia kwa heshima, "Papa, mukono yangu haifike kule." Jibu: "Mukono haifike juu ya kichwa yako haitake," yaani kwa sababu kichwa chake hakitaki. Mbele ya watoto. Kijana wa miaka kumi na tisa anayefua jezi zetu zote bila kulipwa hata franka.

Mimi sina shida na mtu kuipenda Kansas City. Shida ni kumpenda mtu usiyemwelewa. Mahomes wa mwaka 2018, mwaka wake wa kwanza kama mrushaji mkuu, alirusha pasi 50 za kufunga na zaidi ya yadi 5,000. Mbele yake walikuwapo majitu matano, kilo 130 na zaidi kila mmoja, ya kumnunulia muda. Mbali huko alikuwapo mdakaji Tyreek Hill, mmoja wa watu wenye mbio kali kuliko wote kwenye ligi ile. Sisi hatuna majitu na sheria haituruhusu kuwa nayo. Hatuna Hill. Tumebaki na kofia.

Na huyo Andy Reid, kocha wa Chiefs anayeabudiwa hapa kwetu, mwenyewe hafanyi anachofanya kocha wetu. Kabla ya Mahomes, kuanzia 2013 hadi 2017, mrushaji wake mkuu alikuwa Alex Smith, mtu wa pasi fupi na wa kutunza mpira. Reid hakumlazimisha awe mtu wa mabomu. Alimjengea mchezo wake, na Chiefs walikuwa wakiingia mtoano karibu kila mwaka. Halafu 2022 Hill akauzwa Miami. Watu wakasema Kansas City kwisha. Reid akaufupisha mchezo, pasi zikagawanywa kwa watu wengi, mdakaji Travis Kelce akawa ndiye mlango wa kwanza wa kugonga, na Februari 2023 wakachukua Super Bowl, fainali ya ligi ile, mbele ya Philadelphia, 38 kwa 35. Kocha wetu ameangalia mechi hiyo, najua, maana tuliiangalia nyumba moja. Aliona nini?

Tena kuna kisa kinachomhusu kijana wetu moja kwa moja. Cincinnati Bengals, timu nyingine ya NFL, 1969, walikuwa na mrushaji mgeni kwenye ligi, Greg Cook, mkono wa bunduki kwelikweli. Bega likaumia. Mwaka uliofuata wakabaki na Virgil Carter, mtu ambaye mkono wake haukuwa na nguvu, ila alilenga vizuri na kichwa chake kilifanya kazi. Msaidizi wa kocha pale alikuwa Bill Walsh. Angeweza kumpigisha Carter pushapu. Badala yake alikaa chini akaandika mashambulizi upya: pasi fupi, za haraka, za kukata uwanja kwa upana, mrushaji akihesabu hatua zake na mpira ukitoka kabla adui hajafika. Bengals walianza 1970 kwa ushindi mmoja na vipigo sita, wakashinda saba mfululizo wakachukua kundi lao. Mwaka 1971 Carter aliongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizofika. Mfumo ule Walsh alikwenda nao San Francisco, akampa mrushaji Joe Montana, na mnaojua mnajua kilichofuata.

Mfumo mkubwa kuliko mingi katika historia ya mchezo ule ulizaliwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa na mkono dhaifu na kocha wake aliukubali. Sisi tunao mkono ule ule hapa Katuba, tunautukana.

Tena Lushois gani, mtu wa L'shi gani, hajui jambo hili? Desemba 2010 Mazembe, timu yetu ya mpira wa miguu, walikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu bila nyota wao Trésor Mputu, amefungiwa na FIFA. Kocha alikuwa Lamine N'Diaye. Wangeweza kuchezesha mtu mwingine wakajidanganya kwamba ndiye Mputu. Wakacheza na watu waliokuwepo: Kidiaba golini anazuia kila kitu, timu imejifunga nyuma, Kabangu na Kaluyituka wakasubiri nafasi zao, Internacional ya Brazil ikalala 2 kwa 0. Timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Kwamba Inter ya Milano walitufunga tatu baadaye kwenye fainali hilo sitaki kulisikia leo.

Tulikwenda kwa komite. Tuliambiwa, "Mwacheni kocha afanye kazi, ninyi chezeni." Sawa. Ila mchango wa kila wiki tunatoa sisi, nauli ya kwenda Likasi na kurudi tunatoa sisi, kiwanja tunafagia mawe sisi. Na wiki hii nasikia kocha amepata dawa: anamweka benchi mrushaji wetu, anamleta kijana mwenye mkono mrefu kutoka Ruashi. Nimemwona mazoezini. Anarusha mbali, kweli. Anarushia yeyote aliye mbali, awe wetu, awe wao, awe muuza maji.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Uliyeandika kwamba mchezaji ajifunze mfumo, siyo mfumo umfuate mchezaji: Denver Broncos 2011, mratibu wa mashambulizi ni Mike McCoy. Walianza na ushindi mmoja katika mechi tano, wakamwingiza mrushaji Tim Tebow, mtu wa miguu kuliko mkono. McCoy na kocha mkuu John Fox wakageuza mchezo katikati ya msimu, mrushaji akawa mkimbiaji, wakafika mtoano na wakawafunga Pittsburgh katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata akaja Peyton Manning, miguu yake ni ya mzee, kichwa chake ni tableti kumi. McCoy huyohuyo akageuza tena kila kitu. Mratibu mmoja, miaka miwili, mifumo miwili. Sasa nionyeshe wewe kocha wetu amegeuza nini zaidi ya kofia.

Uliyesema turudi kucheza mpira wa miguu kama watu wa kawaida: kaka, wewe shabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa L'shi, nakuhurumia tayari.

Na wewe mwanakomite uliyejificha kwa jina la bandia, nimekujua kwa uandishi. Hatuombi kocha afukuzwe. Tunaomba mambo yanayoingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: pasi za yadi 5 hadi 10, wale wawili wa Kenya wakipishana katikati, senta aandikiwe njia yake kama binadamu, na mara mojamoja mrushaji ampe mpira mkononi mmoja wao apite nao pembeni. Mpira mrefu uwepo, ndiyo, kwa nusu moja, upepo ukiwa nyuma yetu.

Jumamosi tuna Kolwezi. Mchango wangu wa wiki hii nimeuweka mfukoni, na wenzangu watatu wamefanya hivyo hivyo. Mweka hazina anazijua namba zetu.