Mwenzako ana ramani mpya, wewe huna: ni haki gemu kufunguliwa kidogo kidogo?

Kijana wa Likoni: Watu wawili wakaa baraza moja, simu aina moja, toleo moja. Mmoja aona ramani mpya, wa pili haoni. Na gemu yenyewe ni ya kushindania alama. Huu ni upendeleo.

Fundi Tudor: Si upendeleo, ndugu yangu. Ramani imo ndani ya simu zote mbili, ila imefungwa. Seva, yaani kompyuta ya mtengenezaji, ndiyo huifungua. Kwa kawaida kila akaunti hupangiwa namba kati ya 0 na 99. Wakifungua asilimia 5, wanaoona ni 0 hadi 4. Kufuta gemu na kuipakua upya ni kuunguza bando bure, namba yafuata akaunti. Kukiwa na hitilafu, seva hufunga swichi mara moja. Toleo la Play Store haliko hivyo: ukilisimamisha, aliyekwisha kulipakua abaki nalo mpaka utoe jingine lenye namba kubwa zaidi. Ndiyo maana huanza na asilimia 1, kisha 5, kisha 20. Na hitilafu nyingi zatoka kwa simu za RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2 zisizostahili gemu za leo.

Bint Kisauni: Zisizostahili? Irudishe kauli hiyo! Picha moja ya pikseli 2048 kwa 2048 hula MB 16 za RAM. Pakia 20 kwa pamoja, ni MB 320, na Android yaiua gemu. Mpe mwenye simu ndogo picha za 1024, mzigo washuka hadi robo. Kosa ni la mtengenezaji.

Fundi Tudor: Nimesema simu, dadangu, sikusema watu. Na hiyo MB 16 ni picha isiyobanwa. Ikibanwa kwa mbinu ya ETC2 ni MB 4.

Bint Kisauni: MB 4 mara 80 ni 320 zile zile. Hujanijibu.

Mzee wa Kilindini: Mwagombania simu, swali laachwa. iPhone ratiba yake ya kusambaza toleo jipya kidogo kidogo i wazi, siku 10.

Fundi Tudor: Ni 7, mzee wangu, siku baada ya siku: asilimia 1, 2, 5, 10, 20, 50, 100. Na anayetaka aweza kulisasisha mwenyewe siku ya kwanza.

Bint Kisauni: Basi sikizeni. Play humwonya mtengenezaji gemu ikijizimia kwa asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku kwa jumla, lakini kwa aina moja ya simu mpaka ifike 8. Simu zetu zaweza kuumia kwa 7, jumla ikaonekana safi, asilimia zikapandishwa. Huko kuanza kidogo kidogo kwamlinda nani?

Fundi Tudor: Hapo wasema kweli. Takwimu hutazamwa kwa aina ya simu kabla ya kupandisha, na wengi hawafanyi.

Kijana wa Likoni: Na alama je? Ramani ikiongeza alama, walio nayo washindane wao kwa wao.