Kidato cha tano: Tabora Boys, Kibaha au Kisimiri?

Mzazi wa Kimara
Habari za jioni wanajukwaa. Kijana wangu amefaulu vizuri mtihani wa kidato cha nne, na kabla TAMISEMI (wizara inayowapangia vijana shule) hawajafunga nafasi ya kubadilisha machaguo inatupasa tuamue ni shule ipi ya Serikali aiweke mwanzo. Tumebakiwa na tatu: Tabora Boys, Kibaha na Kisimiri. Naomba mnilinganishie historia na ufaulu wake, kwa kuwa babu yake ameshikilia Tabora na mimi sina hoja ya kumpinga wala ya kumuunga mkono.

Hesabu za Juu
Ndugu, umetutajia shule ukamsahau mwanafunzi. Anataka tahasusi gani, yaani mchanganyiko upi wa masomo? Fizikia na Hisabati amepata alama gani? Tangu 2024, tahasusi zilipoongezwa hadi 65, swali hili limekuwa zito zaidi, kwa sababu hakuna shule inayozifundisha zote. Bila majibu hayo tutakuwa tunakupigia ramli.

Mnyamwezi wa Ipuli
Wakati tukisubiri majibu, niseme tu kwamba babu yuko sahihi. Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 ili kuwaandaa watoto wa machifu, waliotazamiwa kurudi kwao na kutawala kwa niaba ya mkoloni. Matokeo yake ni kwamba humo humo wakapita watu waliomwondoa mkoloni huyo. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alifika pale mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, na inasimuliwa kwamba alipokuwa kiranja alipinga desturi ya viranja kupewa mgawo wa chakula maradufu. Mzee Kawawa naye alisoma pale. Baadaye Mwalimu alirudi kufundisha pale pale. Ni shule gani nyingine yenye sifa hiyo?

Mwalimu Mstaafu
Mnyamwezi, hapo mwisho umeteleza kidogo. Baada ya Makerere, Mwalimu alirudi Tabora mjini, lakini alifundisha St. Mary's, shule ya Wakatoliki ambayo leo ni Milambo, si Tabora School aliyosoma. Aliporejea kutoka Edinburgh akafundisha St. Francis, Pugu, hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya TANU.

Tumbi Zamani
Kwa Kibaha nina upendeleo, nilisoma pale, hivyo nipimeni kwa uangalifu. Shule ile ni tunda la makubaliano ya miaka ya 1960 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, na haikujengwa peke yake: palikuwa na kituo cha kuwafunza wakulima na kituo cha afya, ambacho ndicho chimbuko la hospitali ya Tumbi. Serikali ilikabidhiwa mwaka 1970. Jambo la msingi kwa mzazi wa Kimara ni kwamba Kibaha iko barabara ile ile ya Morogoro anayopita kila siku, na siku ya kutembelea wanafunzi anakwenda na kurudi kabla ya magharibi, wakati Tabora ni safari ya kulala njiani au kuamkia ndani ya basi.

Hesabu za Juu
Historia ni nzuri, lakini ameuliza pia ufaulu. Katika matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2016 Kisimiri iliongoza nchi nzima. Mwaka 2018 Kibaha ilikuwa ya kwanza na Kisimiri ya pili. Mwaka 2019 Kisimiri ikarudi juu. Hii ni shule iliyoanza kama shule ya kata huko Arumeru, chini ya Mlima Meru, haina chifu wala mfadhili wa Ulaya katika historia yake. Wenye kujivunia ukongwe hawajawahi kunieleza hilo liliwezekanaje.

Mwalimu Mstaafu
Tuwe waangalifu na orodha hizo. Kwanza, tangu mwishoni mwa mwaka 2022 NECTA (Baraza la Mitihani) waliacha kutangaza shule kumi bora, hivyo unachokisifia ni cha zamani. Pili, Tabora Boys na Kibaha ziko katika kundi la shule za vipaji maalumu pamoja na Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora Girls. Shule inayopokea vijana waliochujwa nchi nzima ikitoa daraja la kwanza kwa wingi, sehemu kubwa ya sifa ni ya mchujo, na ni vigumu kujua walimu wameongeza nini. Kwa kigezo hicho nakubaliana nawe kwamba Kisimiri inastahili heshima ya pekee.

Mama Nuru
Naomba niwasimulie yaliyonikuta, na shule sitaitaja. Mpwa wangu alipangiwa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) katika shule kongwe ya Serikali, yenye jina ambalo likitajwa msibani wazee wote wanatikisa kichwa kwa heshima. Tulifurahi mno, tukanunua godoro, ndoo na sanduku bila hata kuuliza. Alipofika alikuta mwalimu wa Fizikia amehamishwa, na nafasi yake ilikaa wazi hadi walipoingia kidato cha sita. Vijana walijifundisha wenyewe kwa madaftari ya waliowatangulia. Maabara ilikuwapo, ina meza za mbao nzuri za tangu enzi za mkoloni, lakini vifaa vya majaribio vilikuwa vichache kiasi kwamba kundi zima lilizunguka kifaa kimoja, na wengi walikishika mara ya kwanza katika mtihani wa vitendo. Likizo zote tulimlipia tuisheni. Biolojia na Kemia alifaulu vizuri, ila Fizikia ilimwangusha, na ndoto ya udaktari ikaishia hapo. Ndiyo maana nasema: pigeni simu shuleni, mwulizeni mtaaluma (mwalimu anayesimamia masomo) kila somo la tahasusi lina walimu wangapi waliopo darasani leo.

Mnyamwezi wa Ipuli
Pole sana, Mama Nuru. Lakini upungufu wa walimu wa sayansi ni tatizo la nchi nzima. Usiutumie kuhukumu ukongwe.

Mama Nuru
Sihukumu ukongwe, kaka yangu. Nasema ukongwe haukumfundisha mpwa wangu Fizikia.

Mzazi wa Kimara
Nawashukuru wote. Samahani kwa kuchelewa. Anataka PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), Hisabati ana A, Kemia B, Fizikia C. Kuna jambo sikulisema: kijana ana pumu, na mama yake anahofia baridi ya Arumeru. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, hivyo gharama kubwa kwetu itakuwa nauli na matumizi.

Hesabu za Juu
Pumu ungeitaja mwanzo kabisa! Fizikia C kwa PCM nayo inataka mwalimu hodari, na ushindani wa Kibaha ni mkali. Je, Mzumbe hamkuifikiria?

Tumbi Zamani
Kwa mwenye pumu, ukaribu na hospitali ya Tumbi si jambo dogo.

Mnyamwezi wa Ipuli
Tabora kuna hewa kavu, na siku hizi treni ya umeme inamtoa Dar na kumfikisha Dodoma kwa saa chache, kisha anapanda basi.

Mwalimu Mstaafu
Hewa kavu yenye vumbi la Agosti, Mnyamwezi? Aulizwe daktari wake kwanza. Kuhusu Mzumbe, nilifundisha jirani na pale, nitaandika kesho nikipata nafasi.