UKOO WA BIBI MATIKA: kambale wa lambo

Jumanne

19:04 Mama Neema: Mbukwenyi wana ukoo. Nasema mara ya tatu, maana juzi mlisoma mkanyamaza. Ijumaa tunapeleka samaki wa lambo wakapimwe zebaki kwa Mkemia Mkuu hapo mjini. Elfu 10 kila kaya. Waliotoa mpaka sasa: mimi na Yona. Basi.

19:06 Shemeji Kato: Mbukwa. Wagogo na samaki wapi na wapi? Nyinyi si mlenda? Samaki tuachieni tuliozaliwa Bukoba 😂

19:07 Mama Neema: Shemeji umetoa?

19:07 Shemeji Kato: Mtandao unasumbua

19:15 Yona: Wanatakiwa kambale sita na perege sita. Msichague wakubwa tu. Leteni wa sentimita 20, wa 40, na akipatikana wa 60 naye aje. Zebaki hupanda kadiri samaki anavyokua na kuzeeka. Ukipima wadogo peke yao utaambiwa salama, ukipima jitu moja utawatia watu hofu.

19:17 Yona: Kila samaki apimwe urefu na uzito akiwa mzima, ndipo akatwe mnofu wa mgongoni, kama gramu 50, bila ngozi wala mfupa. Kisu kioshwe kila baada ya samaki. Mfuko mmoja, samaki mmoja. Andikeni kwa penseli, siyo peni: karatasi ikilowa, wino unatambaa na hamtajua nani ni nani.

19:20 Ba mdogo Chidosa: Maji ya lambo yalishapimwa, yako safi. Hizi elfu kumi kumi ni za nini tena?

19:24 Yona: Shikamoo ba mdogo. Maji kuwa safi hakusemi kitu kuhusu samaki. Zebaki ikilala kwenye tope lisilo na hewa, bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki, aina inayoingia kwenye miili ya viumbe. Mwani unaifyonza, wadudu wanakula mwani, perege anakula huko huko, kambale anakula wote hao. Kila hatua inaongezeka, kwa sababu inaingia mwilini haraka kuliko inavyotoka. Kambale mkubwa anaweza kuwa na mara laki kadhaa ya iliyomo majini. Kipimo cha maji kinasoma karibu na sifuri, sahani ina habari nyingine.

19:26 Shemeji Kato: Kambale anakula wote hao? Huyo ni wa ukoo huu kabisa

19:31 Ba mdogo Chidosa: Marahaba. Zebaki yangu ya kukamatia dhahabu inabaki kwenye beseni. Ni mali ya kununua, nani amwage pesa?

19:38 Yona: Ile unayoiona ndiyo inayobaki. Ikisuguliwa na mchanga inapasuka vitone visivyoonekana kwa macho, vinaondoka na tope. Halafu marudio yale yale, yaani mchanga uliobaki, yanauzwa kwa wanaotoa dhahabu kwa kemikali ya sianidi. Sianidi inayeyusha dhahabu na zebaki pia, ndipo zebaki inapata miguu ya kutembea na maji. Beseni likiwa ukingoni mwa korongo, mvua moja inatosha.

19:40 Shangazi Foibe: Na hilo karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, limekaa kwenye shamba la nani? Tuanzie hapo.

19:41 Mama Neema: Shangazi, siyo leo tafadhali

19:41 Shangazi Foibe: Leo ni lini? Sisi wanawake hatukuulizwa wakati ule, hatuulizwi sasa.

19:43 Ba mdogo Chidosa: *Ujumbe huu umefutwa*

19:43 Shemeji Kato: Nimewahi kuusoma 🙈

19:50 Mama Neema: TURUDI KWENYE SAMAKI. Mjamzito wa kilo 60, kwa kiwango cha wataalamu wa WHO na FAO, asizidishe mikrogramu 96 za methili-zebaki kwa wiki (1.6 kwa kila kilo ya mwili wake). Samaki akiwa na miligramu 0.5 kwa kilo, hiyo ni kama gramu 190 za mnofu, kipande kimoja cha haja. Akiwa na 0.1, anakula karibu kilo nzima kwa wiki bila neno. Ndiyo maana tunapima. Sijasema watu waache samaki.

19:58 Wifi Leah: Tukiwabanika sana? Au ndimu?

20:02 Yona: Haitoki wifi. Imeshikana na protini ya mnofu wenyewe. Ukaange, uchemshe, umwage supu, ni ile ile. Na wa kukausha ndiye wa kuangaliwa zaidi: maji yanatoka, zebaki inabaki. Gramu 100 za kambale mkavu ni kama gramu 300 za mbichi.

20:05 Shemeji Kato: Basi na ile krimu ya wifi ikapimwe, uso umekuwa wa perege

20:06 Wifi Leah: 😡

20:09 Yona: Huo siyo utani shemeji. Krimu za kujichubua zenye zebaki zipo madukani, ingawa zimekatazwa. Ila hiyo ni zebaki ya aina nyingine, inaenda kwenye figo, na inapimwa kwenye mkojo. Ya samaki inapimwa kwenye nywele au damu. Mvuke wa kuchoma dhahabu nao unapimwa kwenye mkojo. Mchomaji akipimwa nywele majibu yatadanganya, kwa sababu mvuke unaganda juu ya unywele kutoka nje.

20:11 Yona: Nywele zinakatwa kisogoni, zikigusa ngozi, unene wa penseli. Funga uzi upande wa mizizi. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 3 za kwanza zinaeleza miezi mitatu iliyopita. Zenye dawa ya kulainisha hazifai, dawa inaweza kuipunguza zebaki.

20:47 Rehema: Shikamooni. Mimi juzi nimekula kambale wa lambo. Kichwa.

20:49 Mama Neema: Rehema!!! Na mimba ya mwezi wa tano!

20:52 Yona: Mama Neema usimtishe. Mlo mmoja haufanyi kitu, tatizo ni wa kila wiki. Nusu ya iliyomo mwilini hutoka kwa siku kama 50. Akihamia perege wadogo na dagaa kuanzia leo, mpaka ajifungue imepungua sana. Inapita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, na ubongo unaojengwa ndio unaoumia. Kule Minamata, Japani, mwaka 1956, mama walionekana wazima wakazaa watoto walemavu. Paka wa wavuvi ndio waliotangulia kuanguka.

20:53 Shemeji Kato: Paka wa Shangazi mbona anaruka tu

20:54 Shangazi Foibe: Kato, wewe na paka wangu mna undugu gani?

21:10 Babu: 🎤 0:58

21:13 Mama Neema: Kwa wasio na bando, Babu anasema hivi: "Lambo lile tulilichimba kwa majembe. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mtoto wasile kambale wa humo mpaka karatasi ije nisomewe. Perege wadogo waleni. Chidosa, beseni liondoke korongoni kabla mvua haijashuka, na mtu asichomee dhahabu kwenye jiko linalopika ugali. La shamba nitalisema nikiwa nimekaa na ninyi mmekaa, siyo kwenye simu."

21:30 Wifi Leah: Sawa baba

21:34 Rehema: Sawa babu

22:16 Ba mdogo Chidosa: Sawa mzee. Lakini beseni naliondoa kulipeleka wapi?

22:18 Yona: Ardhi tambarare mbali na korongo, shimo lililosakafiwa saruji, tope libaki humo. Na kuchoma tumia retoti, chombo kilichofunikwa chenye bomba, mvuke unapoa unarudi kuwa zebaki, unaitumia tena. Ukihifadhi, weka chupa ya plastiki ngumu yenye maji juu yake, kifuniko kikaze.

22:19 Ba mdogo Chidosa: Saruji nani atanunua?

22:20 Shangazi Foibe: Mwenye shamba 😏

Jumatano

06:12 Mama Neema: Alhamisi jioni nyavu zinategwa. Nani anatega? Ijumaa saa 12 asubuhi tunaondoka, Jumamosi ofisi zimefungwa. Mnofu ugandishwe usiku huo huo. Waliotoa ni watano. Na nani ana kontena la barafu?

11:40 Mama Neema: Mnasoma tu

17:55 Ezekia: Mbukwenyi, ndiyo nimeona sasa. Kontena lilibaki kwa Shemeji Kato tangu msiba.

18:20 Shemeji Kato: Lipo. Lina nyama