Tupeane uzoefu: Umewezaje kuuendeleza mwendo wa kazi uliyoiahirisha kwa muda mrefu?

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za kuahirisha kazi huishia kwenye namna ya kuanza, ilhali mimi kuanza nilianza mara nyingi. Ni mwalimu wa sekondari, na tasnifu yangu ya uzamili ilikaa miaka miwili ikiwa na sura moja tu. Kila likizo niliandika kutwa kwa siku tatu au nne, nikaacha pale nilipoishiwa la kusema, na shule zilipofunguliwa sikuligusa tena faili lile hadi likizo nyingine. Kilichonitoa ni kupunguza: nusu saa kila alfajiri, na kuacha nikiwa bado naijua sentensi inayofuata, ambayo huiandika nusu. Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, naye alishauri mwandishi aache akiwa anajua kitakachofuata, na nimeona faida yake, kwa sababu kesho yake nakuta sentensi inayonidai badala ya ukurasa mtupu. Sura ya pili ilikamilika kwa wiki saba. Wenzangu mmefanyaje?

Mchangiaji kutoka Lamu

Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi nilirudi kuhifadhi Kurani nikiwa na miaka 38, baada ya kuiacha tangu nilipotoka madrasa utotoni. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, na kila nilipoziwaza zote kwa pamoja niliahirisha, hata mwaka mzima ukapita. Ustadhi wangu alinikataza kuhesabu zilizobaki, akanipangia nusu ukurasa kwa siku baada ya sala ya alfajiri, kwa sharti kwamba nisiguse aya mpya kabla ya kumsomea za jana. Murajaa hiyo, yaani kurudia nilichokwisha kuhifadhi, ndiyo iliyonibeba, kwa kuwa kila siku nilianza na kitu ninachokiweza.

Nilipofiwa na mama nilikatika siku 40. Niliporudi nilitaka kufidia kwa kurasa mbili kila siku, naye akakataa katakata, akanirudisha nyuma juzuu nzima (moja ya sehemu 30 za Kurani) niisome tu kwa wiki mbili bila kuongeza hata aya moja. Wakati ule niliona kama adhabu, lakini naamini ningelifuata pupa yangu ningeliacha kabisa. Sasa niko juzuu ya 11.

Fundi cherehani, Morogoro

Kwangu kinachotia hofu ni kukata, maana kitambaa cha mteja ukikikosea hakirudi. Kwa hiyo sifungi kibanda jioni kabla sijakata kazi ya kwanza ya kesho na kuiweka chini ya sindano; asubuhi kinachobaki ni kukanyaga cherehani.

Muuguzi

Naomba niongeze kwamba saa maalumu haikunifaa, kwa kuwa zamu zangu hubadilika kila wiki. Masomo yangu ya stashahada niliyafunga kwenye chai ninayokunywa nirudipo kazini, iwe ni asubuhi au usiku, na daftari hukaa juu ya chupa ya chai ili nisiweze kumimina kabla ya kulishika.

Mleta mada

Nashukuru sana, hasa kwa maelezo ya juzuu iliyorudiwa. Sura yangu ya nne imekwama siku 12 kwa sababu ya kusahihisha mitihani, na nilikuwa nimepanga kuandika kurasa kumi Jumamosi. Nimefuta mpango huo. Kesho alfajiri nitaisoma sura ya tatu, basi.