Utafiti shirikishi katika makanisa ya kilokole: tuanze na nani?

Mwanafunzi wa uzamili, Iringa

Shikamooni walimu wangu, na wengine wote nawasalimu. Ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu namna makanisa ya kiinjili na ya Kipentekoste ya Iringa Mjini na Kilolo yanavyoshiriki mambo ya umma: mikutano ya vijiji na mitaa, kamati za shule na za maji, vikundi vya kuweka na kukopa, na mijadala ya wakati wa uchaguzi. Msimamizi wangu ameagiza utafiti uwe shirikishi, yaani waumini wachague nami maswali, tukusanye taarifa pamoja, nao wawe na kauli katika matokeo. Kinachonitatiza ni kwamba kila kanisa nililolifikia limenielekeza kwa mchungaji, naye mchungaji ameniteulia watu wa kuzungumza nao, ambao karibu wote ni wazee wa kanisa. Je, hapo nimeshirikisha jamii? Na matokeo yasipompendeza mchungaji, mwenye uamuzi wa mwisho ni nani?

Mhadhiri, Mbeya

Marahaba. Nimefurahi kwamba hukuanzia kwenye nyaraka za maaskofu, kama ule waraka wa Pasaka wa 2018 wa maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambako watafiti wengi wa dini na siasa huanzia na kuishia. Kamati ya maji itakufundisha mengi zaidi.

Makanisa ya ukanda huu hayafanani kiutawala. Wamoraviani na wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na makanisa yaliyotokana nao yana mabaraza, idara za wanawake na za vijana, na mihtasari ya vikao unayoweza kuomba kuisoma. Kanisa lililoanzishwa juzi katika ukumbi wa kupanga pale Mwanjelwa humtegemea mwanzilishi wake kwa karibu kila jambo. Kwa lile la kwanza, iandikie kila idara barua yake. Kwa la pili, ukishajitambulisha kwa mchungaji, omba kuhudhuria makundi ya nyumbani, kwa kuwa huko ndiko watu huzungumza bila kuangalia saa wala kumwangalia kiongozi.

Usitafute asilimia za waumini, kwa kuwa sensa zetu hazijauliza dini tangu ile ya 1967. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu imani za dini kuwa taarifa nyeti. Pata ridhaa ya kila mtu, si ya kiongozi kwa niaba yao. Barua ya Katibu Tawala utaihitaji, ila usiingie kanisani ukiongozana na mtendaji wa kata, maana watakujibu kama wanaijibu serikali.

Mchungaji, Tukuyu

Bwana Yesu asifiwe. Mwalimu amesema vema, lakini naona mchungaji anahukumiwa kabla ya kusikilizwa. Mtafiti akimaliza huondoka na shahada yake. Mimi hubaki na washirika ambao wamesikia kwamba fulani alisema hivi kuhusu fulani, na nimeona kanisa likikaribia kugawanyika kwa sababu hiyo. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na sisi tunaoombwa kila msimu wa kampeni tumpandishe mgombea madhabahuni tunajua thamani ya mpaka huo. Kwa hiyo nikitaka kuisoma rasimu na kuondoa aya zitakazoleta mafarakano, sioni kosa.

Mweka hazina wa kikundi cha akina mama, Makambako

Baba Mchungaji, shikamoo. Nakuheshimu, ila hapo kwenye kuondoa aya sikubaliani nawe. Kwetu alikuja mtafiti akawauliza wazee kuhusu nafasi ya wanawake, akaandika kwamba tunafanya maombi na usafi. Wakati huohuo kikundi chetu, ambacho wanachama wake wote ni washirika wa kanisa moja, kilikuwa kimesajiliwa halmashauri kuomba mkopo wa ile asilimia nne ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, na ni sisi tuliosimama kwenye mkutano wa mtaa kudai kituo cha maji kirekebishwe. Wazee hawakudanganya, hawakujua tu, kwa kuwa hawahudhurii vikao vyetu.

Mwanangu, njoo siku ya hisa, tunapokutana kuweka akiba, wala usituite Jumapili baada ya ibada tukiwa na watoto wenye njaa. Matokeo utusomee kwa sauti kabla hujayapeleka chuoni, ili anayetaka kupinga apinge ukiwapo.

Mwanafunzi wa uzamili, Iringa

Asanteni sana. Nitaomba makundi yenyewe yachague wawakilishi, na makubaliano yaandikwe kabla ya swali la kwanza kuulizwa: kosa la ukweli litarekebishwa, jina litafichwa kwa yeyote anayetaka, lakini tafsiri inayobishaniwa haitafutwa. Mchungaji, je, ungeridhika iwapo pingamizi lako lingechapishwa katika ripoti yenyewe?

Mchungaji, Tukuyu

Likichapishwa ukurasa uleule wa jambo ninalolipinga, na si kwenye viambatisho ambako hakuna anayefika, nitaridhika. Ila rasimu nitaomba niisome siku mbili kabla ya akina mama kusomewa.