Tupeane uzoefu: nani amewahi kulipia bidhaa za nje bila kupitia dola?

Mwagizaji: Nimekutana na ankara yangu ya zamani. Mimi si Mmarekani, muuzaji hakuwa Mmarekani, na mzigo haukukanyaga Marekani, lakini bei iliandikwa kwa dola, na malipo yakazuiwa siku 11 kwenye benki ya New York ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa mteja wake. Nani aliyefanikiwa kuikwepa njia hiyo?

Nahodha Mstaafu: Nilijaribu, nikajuta. Mnunuzi wangu aliniomba nipokee sarafu ya nchi yake, nami nikakubali kwa sababu kiwango alichonipa kilivutia. Fedha ziliingia kwa wakati. Balaa lilianza nilipotaka kuzitumia. Benki yangu haikuzitaka, wauzaji wangu wa malighafi hawakuzitaka, na dalali mmoja aliyekubali kuzibadilisha alitaka kukata sehemu iliyozidi faida yangu yote. Kwa miezi 7 nilikuwa tajiri wa karatasi huku nikikopa mishahara ya wafanyakazi. Mwaka 2023 nilipomsikia Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi akisema kwamba nchi yake ina mabilioni ya rupia yaliyolala katika benki za India, nilimwelewa kuliko wachambuzi wote.

Tulia Kwanza: Yamenikuta hayo hayo.

Mwana wa Hesabu: Dawa ni kuiondoa SWIFT, ule mtandao wa benki wa Wamarekani.

Karani: Mkuu, SWIFT ina makao yake Ubelgiji, na haihamishi fedha, bali ujumbe wa malipo. Malipo ya dola yenyewe hukamilishwa kupitia benki zilizoko Marekani, na hapo ndipo ankara ya Mwagizaji ilipokwama.

Mwana wa Hesabu: Benki kadhaa za Urusi zilipoondolewa humo mwaka 2022, ujumbe tu ndio uliowaumiza?

Karani: Uliwaumiza, ila akiba ya benki kuu yao ilizuiwa kwa amri nyingine kabisa. Usichanganye mambo mawili.

Nahodha Mstaafu: Gombaneni, lakini mimi sikukwama kwa sababu ya vikwazo. Nilikwama kwa kukosa mtu wa kuipokea sarafu ile.

Mama Shehena: Lipeni kwa yuani. China ina mfumo wake wa malipo tangu 2015, nami huutumia kwa sababu nanunua huko huko.

Tulia Kwanza: Wewe unanunua, dada. Anayeuza kule akalipwa yuani atakutana na udhibiti wa mitaji, yaani masharti ya serikali ya kuingiza na kutoa fedha nchini.

Karani: Andikeni sarafu mbili kwenye mkataba.

Mama Shehena: Mkataba wa sarafu mbili ni kesi mbili.

Mwagizaji: Nahodha, fedha zile ziliishia wapi?

Nahodha Mstaafu: Nilinunua nyaya za umeme za nchi ile ile, kontena zima, ingawa sijawahi kuuza nyaya maishani mwangu. Niliziuza kidogo kidogo kwa mfanyabiashara wa nchi jirani, naye alinilipa kwa dola, na tafadhali msicheke.